Uliza Kwanza Fisi Alikuwa Anakula Nini

Kila mara video ya mbuzi walioraruliwa ikitoka Masinga, komenti huwa ni zile zile. Kuna wa "ueni hiyo mbiti mara moja". Kuna wa "fisi wa siku hizi wana roho mbaya". Kuna yule mmoja, hakosekani, anayesema huyo ni fisi wa kutumwa. Halafu kuna wasee wa Nairobi, wengi hawajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja, wanaoandika maelezo marefu kwamba binadamu ndiye aliyemvamia mnyama kwake, kwa hivyo atulie. Mimi naishi Nairobi lakini kwetu ni Masinga, upande wa Ekalakala, na nimechoka na pande zote mbili. Wa kwanza wanamhukumu fisi kana kwamba ni mtu. Wa pili wanamhukumu susu wangu kana kwamba yeye ndiye aliyewamaliza swala wa Ukambani.

Hakuna anayeuliza swali la kwanza kabisa: huyo fisi alikuwa anakula nini kabla ya kufika kwa mbuzi?

Leo nataka tuongee historia, kwa sababu naamini tabia za wanyama wala nyama zinaamuliwa na wanyama wala nyasi. Ukitaka kujua kwa nini simba, fisi, chui au mamba anafanya anachofanya, angalia kwanza nini kiliwapata pundamilia, nyati na swala wa eneo hilo, halafu uangalie ng'ombe na mbuzi wanalala wapi. Ushahidi wa hilo Ukambani tunao wa zaidi ya miaka 130.

Tuanze na sotoka. Kizazi chetu hakilijui hilo neno, na tuna sababu nzuri: ni ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kwisha duniani mwaka 2011, wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1880 uliingia kupitia Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia, ukateremka kusini kama moto kwenye nyasi kavu. Kufikia 1891 ulikuwa umewafikia Wamaasai. Makadirio ya kawaida ni kwamba ng'ombe 9 kati ya 10 walikufa.

Watu wengi huishia hapo: ng'ombe walikufa, watu wakalala njaa, basi. Lakini virusi vya sotoka havikujua mpaka kati ya zizi na pori. Viliwaua nyati, pofu, twiga na tandala pia, na nyati ndio waliofyekwa zaidi. Sasa fikiria wewe ni simba wa kipindi hicho. Una ghala mbili za chakula, moja porini na moja kwa binadamu. Moja ikipungua unageukia nyingine, na ndivyo babu zako walivyopita kila kiangazi. Safari hii kwanza kuna karamu, mizoga kila mahali, huhitaji hata kukimbia. Halafu karamu inaisha, na ghala zote mbili ni tupu kwa wakati mmoja.

Kwetu, juu ya hayo ikaja njaa ambayo Wakamba wanaiita Ngomanisye, mwishoni mwa miaka ya 1890. Mvua ilikosa msimu baada ya msimu, na ndui nayo ikapita katikati. Watu walifia njiani wakitafuta chakula. Na kuna jambo ambalo hatupendi kulisema mbele ya wageni: zamani, Ukambani na kwa baadhi ya majirani zetu, si kila maiti ilizikwa. Wazee wenye heshima walizikwa, wengine wakapelekwa kichakani, na fisi akamaliza. Miaka ya kawaida huo ulikuwa utaratibu tu. Miaka ya Ngomanisye lilikuwa darasa, na wanafunzi walikuwa wengi.

Sasa weka reli hapo katikati.

Machi 1898 Mwingereza anayeitwa John Henry Patterson alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja. Maelfu ya wafanyakazi, wengi kutoka India, walikuwa wanalala kwenye mahema, kambi zimetapakaa kandokando ya reli. Kwa miezi kadhaa simba wawili madume, wasio na manyoya marefu shingoni, waliingia kambini usiku na kubeba watu. Kazi ya daraja ilifika mahali ikasimama. Patterson aliwaua wote Desemba ya mwaka huo, mmoja tarehe 9 na mwingine tarehe 29. Akaandika kitabu, kikauza. Mwaka 1924 akayauzia makumbusho ya Field kule Chicago ngozi na mafuvu kwa dola 5,000, na wako huko hadi leo, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Hollywood nao wakatoa filamu mwaka 1996, wakawafanya mashetani wawili wanaoua kwa raha zao. Na filamu yenyewe waliirekodia Afrika Kusini. Yaani hata simba wetu maarufu kuliko wote waliigizwa kwa jirani, lakini hilo nitaliandikia siku nyingine.

Kinachonivutia ni kwamba hao simba bado wanatoa ushahidi. Patterson aliwahi kudai waliua watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kaboni na nitrojeni kwenye mifupa na manyoya yao, kwa sababu unachokula huacha alama mwilini, na wakakadiria kwamba wawili hao walikula watu kama 35. Kuua ni zaidi ya kula, kwa hivyo huenda waliouawa walizidi hapo. Lakini angalia mgawanyo: simba mmoja alikula kama watu 24, mwenzake kama 11. Walitembea pamoja na wakavamia kambi zile zile, na bado hawakula sawa. Yule aliyekula watu wengi ndiye aliyekuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wa jino. Ukiwa na jino kama hilo, kumng'ang'ania pundamilia anayerusha mateke ni adhabu. Mtu aliyelala hemani harushi mateke.

Halafu mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walisoma vinasaba vya nywele zilizokuwa zimenasa kwenye meno ya simba hao kwa zaidi ya miaka 100. Wakakuta binadamu, twiga, choroa, kuro, nyumbu na pundamilia. Nyati karibu hakuna. Tsavo! Ukienda leo Tsavo, nyati ni chakula kikubwa cha simba. Mwaka 1898 hawakuwepo, sotoka ilikuwa imepita.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa Chicago walilisema na linatugusa Wakamba moja kwa moja. Reli ilifuata njia za misafara. Kwa miaka mingi kabla ya Patterson, misafara ya pembe na watumwa ilipita Tsavo, na aliyeugua au kuchoka aliachwa njiani. Simba wa eneo hilo walikuwa wamezoea kukuta watu wamelala chini bila mtu wa kuwatetea. Na pembe zenyewe zilitoka wapi? Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu bara hadi Mombasa. Kivoi, tajiri wa Kitui, aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea Mto Tana, mto huu huu unaojaza bwawa letu. Ndovu walipopungua, hakukuwa na wa kuvunja vichaka, vichaka vikasongamana, na kichaka kizito ni maficho mazuri kwa simba anayevizia. Kwa hivyo bei ya pembe kwenye masoko ya mbali inaweza kubadilisha jinsi simba anavyowinda Tsavo. Mtu wa "roho mbaya" hawezi kukueleza hilo.

Tsavo ni mbali? Sawa, tusogee. Juni 1900, kituo cha Kima, ambacho siku hizo kilikuwa upande wetu wa Machakos na leo ni Makueni. Simba alikuwa anasumbua kituo. Afisa wa polisi wa reli, Charles Henry Ryall, akaja na wenzake wawili wakalala ndani ya behewa wakimsubiri. Zamu ya Ryall ya kukesha ilipofika, inaonekana usingizi ulimshinda. Simba akaingia ndani ya behewa, akamtoa Ryall kupitia dirishani. Behewa hilo lipo kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi, ni mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka mjini. Nenda ulione. Ukisimama karibu na lile dirisha utaelewa ni njaa ya kiasi gani inamfanya mnyama mwenye akili aingie kwenye sanduku la mbao lenye harufu ya watu watatu.

Katikati ya karne iliyofuata historia yetu haikuwa na simba wengi. Ilikuwa na makaratasi, na nitaipita haraka ingawa ndiyo iliyoamua nani atabaki Masinga. Serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Machakos inamomonyoka, ikasema kosa ni la ng'ombe wa Wakamba, na mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu na kuiuza, mingi ikielekea kiwanda cha nyama cha Athi River. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto pia, hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa hadi serikali ikaachana na mpango huo. Yeye akapelekwa kizuizini Lamu. Ile barabara unayopita ukienda City Market ina jina la mtu aliyepigania ng'ombe.

Miaka michache baadaye, kati ya 1944 na 1946, mwindaji wa serikali J. A. Hunter alitumwa Makueni, wakati huo sehemu ya wilaya ya Machakos, kusafisha pori ili watu wahamishiwe huko. Aliua vifaru 996. Rudia hiyo namba polepole. Leo nchi nzima inalinda vifaru weusi kwa bunduki na ndege, na mtu mmoja aliua karibu elfu moja katika wilaya moja, kwa mshahara.

Sisemi kifaru ni chakula cha fisi. Ninachosema ni kwamba Ukambani ulisafishwa. Vichaka vikakatwa, kongoni na pundamilia wakasukumwa hadi kwenye ranchi za Athi na mbuga za mbali, mashamba yakaja, mbuzi wakaja. Simba hawezi kuishi kwa dikdik na sungura, kwa hivyo simba akaondoka. Munyambu Masinga sasa yuko kwenye hadithi za susu tu. Waliobaki ni wale wanaoweza kuishi kwa makombo yetu: fisi, chui mmoja mmoja kwenye vilima, na mamba mtoni.

Na hapa ndipo watu hukosea kuhusu fisi. Tumemweka kwenye fungu la wezi wa mizoga. Hans Kruuk alimfuata Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, usiku kwa usiku, akakuta fisi madoa anawinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa anamnyang'anya. Pakiwa na nyumbu, fisi ni mkimbiaji anayewinda kwa kundi. Pakiwa na majalala na machinjio, fisi huyo huyo ni mwokota taka. Kule Talek, Maasai Mara, ambako Kay Holekamp na wenzake wamewafuatilia tangu 1988, wachungaji walipozidi kuleta ng'ombe mchana, fisi walipunguza shughuli za mchana na kuongeza za usiku. Hakuna aliyewafundisha ratiba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Ethiopia, karibu na mji wa Mekelle, kaskazini. Huko wanyamapori wa kuwinda wamekwisha kabisa, kama Masinga na zaidi. Fisi wanaishi kwa mabaki ya nyama za watu. Sasa, Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, hawagusi nyama. Machinjio yanalala, mifupa haitupwi. Watafiti wakiongozwa na Gidey Yirga walichambua nywele kwenye kinyesi cha fisi kabla ya mfungo, wakati wa mfungo na baada yake. Kabla, nywele za punda zilikuwa kama asilimia 15. Wakati wa mfungo, kama asilimia 33. Pasaka ikafika, watu wakarudi kwa nyama, na idadi ikashuka tena. Yaani watu wakifunga kula, fisi anaanza kuwinda punda. Fisi hana kalenda ya kanisa. Anaangalia tu kama kuna mfupa nyuma ya nyumba.

Hali kama hiyo ya mnyama kukaribishwa bila mtu kujua ipo kwa majirani zetu kusini, na safari hii walioliwa ni watu. Kusini mwa Tanzania, Rufiji na Lindi, kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini humo, wengi maeneo hayo. Wakulima wengi wa huko hawana ng'ombe, na swala na pundamilia ni wachache nje ya hifadhi. Kilichobaki ni nguruwe mwitu. Nguruwe anapenda mahindi na mpunga, kwa hivyo anaingia shambani. Mkulima, ili asipoteze msimu, analala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia, akipiga debe usiku kucha. Simba anamfuata nguruwe. Anafika shambani na kukuta nguruwe ana mbio lakini mkulima hana ukuta. Mashambulizi yalikuwa yanapanda wakati wa mavuno. Ukitaka kupunguza simba wanaokula watu kule Rufiji, anza na nguruwe. Hilo ni jambo ambalo komenti elfu moja za "ueni simba" haziwezi kulifikia.

Sasa rudi Kenya, uone kwamba hata mvua inaweza kuwa habari mbaya. Wengi tunadhani wanyama husumbua mifugo wakati wa ukame. Kwenye ranchi za Taita zinazopakana na Tsavo, watafiti walikuta simba walishambulia mifugo zaidi miezi ya mvua. Ukifikiria, inaeleweka. Kiangazi, pundamilia na nyati wamedhoofika na wamejipanga kwenye mashimo machache ya maji, simba anakaa hapo kama mtu aliye karibu na kibanda cha chapati. Mvua ikinyesha, maji yako kila mahali, mawindo yanatawanyika na kupata nguvu, na zizi la ng'ombe ndilo kitu pekee kisichohama.

Ukumbuke 2022. Ukame mbaya. Wizara ya utalii ilihesabu wanyama waliokufa kati ya Februari na Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, pundamilia 381, nyati 51. Mwaka uliofuata mvua zikarudi, Amboseli ikawa kijani, na Mei 2023 Loonkito, simba dume wa miaka 19, akaingia zizini usiku huko Kajiado akauawa kwa mikuki. Wiki hiyo hiyo waliuawa wengine, jumla simba 10. Mtandaoni tukalia, tukaweka picha zake nyeusi na nyeupe. Lakini Loonkito alikuwa mzee, mawindo rahisi yalikuwa yamekufa mwaka uliopita, na yaliyobaki yalikuwa na nguvu na yametawanyika. Na mwenye mbuzi naye alikuwa ametoka kwenye ukame huo huo akiwa na mifugo michache iliyobaki. Ni kivuli kidogo cha 1898.

Masinga sisi tuna toleo letu, na lina meno mengi zaidi. Bwawa lilikamilika mwaka 1981, kubwa kuliko mabwawa mengine yote kwenye Tana. Kabla ya hapo mamba alikuwa kiumbe wa mto: vina vichache vinavyojulikana, na wazee walijua mahali pa kuvuka na mahali pa kuacha. Bwawa likageuza mto kuwa ziwa, likaleta samaki, samaki wakaleta wavuvi, na likampa mamba kingo mpya ambazo hakuna mzee aliyezijua. Kisha kina cha maji chenyewe hakitulii. Mwaka 2009 maji yalipungua hadi mitambo ya umeme ya Masinga ikazimwa. Mwaka 2024 yakafurika. Maji yakirudi nyuma, ng'ombe na mbuzi na wanawake wenye mitungi wanateremka kwenye matope wazi, mbali na nyumba, wote kwenye njia chache zile zile. Mamba si mkimbiaji. Kazi yake yote ni kukaa mahali ambapo mnyama mwenye kiu atalazimika kuinamisha kichwa. Tukilalamika kwamba mamba wamekuwa walafi, tuhesabu kwanza mifereji na matangi yako mangapi kati ya bwawa na vijiji vyetu. Umeme wa hayo maji unafika Nairobi. Maji yenyewe, nyumba nyingi zinazoliona bwawa kwa macho bado zinayafuata kwa punda.

Nimalizie na mbuzi, kwa sababu ndiko tulikoanzia na ndiko pesa iliko. Mwaka juzi susu alipoteza mbuzi wanne usiku mmoja. Mmoja aliliwa, nusu ya mwingine ikaliwa, wawili wakaachwa wamekufa tu. Hiyo ndiyo inayowauma watu zaidi ya kitu chochote, na ndipo maneno ya "roho mbaya" yanapotoka. Wawili wa bure! Hao mbuzi walikuwa karo ya binamu yangu ya muhula mzima. Lakini Kruuk aliwahi kulieleza jambo hili pia. Porini, fisi akishika swala mmoja, wengine wote wanatoweka kwa sekunde chache, na kuwinda kunaishia hapo. Mwili wa fisi umeundwa kwa mawindo yanayokimbia. Zizini hakuna pa kukimbilia. Mbuzi wanalia na kurukaruka mbele yake, na kila anayeruka anamwasha upya. Kwa hivyo wale wawili wa bure walikufa kwa sababu ya ukuta wetu: ulikuwa mfupi kiasi cha kumwingiza fisi na imara kiasi cha kuwazuia mbuzi kutoka.

Asubuhi ile mjomba mmoja alitaka dawa. Mnajua ni ipi, ile ya kunyunyizia mzoga. Namwelewa, sheria ya 2013 inazungumzia fidia, shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na malipo ya mifugo pia, lakini muhula wa shule hausubiri foleni. Shida ya sumu ni kwamba haimchagui mwenye kosa. Inamuua anayekuja kula mzoga baadaye: mbweha, tai, mbwa wa jirani. Mara mwishoni mwa 2015, simba wa kundi la Marsh, wale waliozoeleka kwenye runinga, walilishwa sumu kwa namna hiyo hiyo. Susu alikataa. Sababu yake haikuwa uhifadhi. Alisema kuku wake wanazurura.

Badala yake tulifanya yale ambayo utafiti wa Laikipia wa 2003 uliyaona kwenye ranchi: mifugo ya maboma yenye mbwa, uzio mzito na watu wanaolala karibu ilishambuliwa kidogo zaidi. Tukainua ua hadi kifuani, tukaweka miiba nje na lango moja badala ya mawili, mbwa wawili. Na binamu yangu, yule wa karo, ana rafiki wa boda, akaomba kisanduku cha indiketa cha pikipiki iliyokufa, akakiunganisha na betri kuukuu na taa nne za rangi. Wazo si lake. Ni la Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyelibuni akiwa na miaka 11 hivi, ng'ombe wa kwao wakiliwa na simba kutoka mbuga ya Nairobi. Taa zinawaka kwa zamu, mnyama anadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Fisi ni mwerevu, atazizoea, kwa hivyo binamu huzihamisha kila baada ya wiki mbili.

Susu analalamika kwamba zizi lake sasa linafanana na klabu ya Matuu. Mbuzi ni 11, na kufikia Jumapili iliyopita alikuwa anawahesabu wote.